Daftari la Pili

Dirisha langu ni dogo, upana wa mikono miwili,
lina nondo tatu, na kizingiti ambacho noti zimekisugua
hadi kikang'aa kama goti la mtu wa sala.
Mimi ni mhasibu wa shule, hapa Nguba.
Ziwa liko nyuma yangu; nimelipa mgongo.
Kazi yangu ni kutazama vidole vya watoto.
Vidole hujua mapema kuliko midomo.

Kila tarehe kumi prefe huniletea karatasi,
majina ya kutoa darasani.
Nimeyasoma miaka tisa, mlango kwa mlango,
kama mtu anayetembeza mkaa:
fulani, begi lako; fulani, nyumbani, mpaka minervali.
Yupo mtoto aliyekuwa akiinuka
kabla sijafika kwenye jina lake.
Huyo ndiye aliyenifundisha kuandika kwa penseli.

Deni naliandika kwa wino.
Kwa penseli, katika daftari la pili lisilo na mhuri,
naandika yale yanayoletwa dirishani bila risiti:
Nabintu. Mama amerudi kutoka mgodini, hasemi.
Ciza wa darasa la nne. Halii, ila hujikojolea akisikia pikipiki.
Mapendo. Njaa; yeye anaiita kichwa.

Sikusomea haya. Nilisomea kujumlisha.

Kisha Nshokano.
Baada ya moto wa Kadutu,
ule uliopanda ubao kwa ubao hadi ukakosa pa kukanyaga,
alirudi na shati la mtu mwingine
na mwandiko mdogo kama mayai ya chawa.
Mwalimu wa hesabu akasema: anaficha makosa.
Mwalimu wa Kifaransa akasema: ni kiburi.
Akapata sifuri tatu, kubwa, nyekundu,
za kuonekana tokea mlangoni.

Alileta bodero imekunjwa mara nne, ikakunjwa tena.
Nikamuuliza, wala si kwa upole, nilikuwa na foleni:
wewe kijana, mbona unabana karatasi hivi?
Akasema: "Ili vyote vitoshe mfukoni.
Siku ile mabegi yalikuwa mazito."

Foleni ikangoja.
Nilifunga sanduku la pesa, ufunguo nikautia kifuani,
nikafungua mlango wa pembeni, ule ambao hata prefe huubisha.
Sikumwambia yatapita. Nani aliniambia mimi?
Nilimpa kiti, kipande cha muhogo, na kazi:
kila saa nne anisomee namba za risiti,
niandike mimi, aandike yeye,
kisha tulinganishe.

Nilikwenda pia kwa mwalimu wa hesabu. Tuligombana.
Mwisho akavaa miwani, akasoma upya,
jibu kwa jibu, pua ikigusa daftari.
Kumi na saba kati ya ishirini.
Alikaa kimya, kisha akaomba kifutio.
Nikamwambia wino mwekundu haufutiki,
andika juu yake.

Prefe ameuliza penseli zinakwenda wapi.
Nami nimemwomba wenye deni wakae hadi mtihani uishe.
Amejibu, "Tutaona."
Neno hilo nimeliandika kwa wino, na tarehe.

Daftari la pili halijumlishwi.
Nilijaribu usiku mmoja, umeme umekatika,
nikapiga mstari chini, nikakosa cha kuandika.
Mvua ilikuwa ikivuta udongo wa mlima,
nikabaki kuhesabu nani hajalala
chini ya mabati gani.

Leo, saa nne na robo, Nshokano ameandika saba.
Moja tu. Mguu wake umevuka mstari,
umeshuka hadi ndani ya safu ya deni.
Nimeiacha hapo.