Ufunguo wa Mstari Mmoja

Edinburgh, saa kumi jioni, giza limeshatanda.
Bi Dalgleish wa mamlaka amesogeza chai yake
kando ya leja isiyo na kurasa.
"Nionyeshe," anasema.

Nimwonyeshe nini? Mnyororo hausahau.
Pauni milioni arobaini, pensheni ya madereva wa mabasi,
zinavuka usiku huu kwenda kununua hati fungani.
Nikiziacha wazi, walanguzi watazinusa,
bei ipande kabla hatujafika sokoni.
Nikizifunika gubigubi,
atajuaje kwamba humo hamna senti ya mwizi?

Siri ya mtungi aijuaye kata, naam,
lakini kata huchota, haitoboi.

Basi nampa ufunguo wa mstari mmoja,
utakaokufa kesho adhuhuri.
Hisabati inamwapia:
mwenye fedha anajulikana,
hayumo kwenye orodha ya waliopigwa marufuku,
alichotoa hakizidi alichonacho.
Jina limebaki ndani.
Anasoma. Anarudia. Anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya skafu.
"Sijamwona," anasema, "ila nimeridhika,"
na kutia sahihi kama anayemeza dawa.

Nateremka Leith Walk, mvua ya manyunyu usoni,
hadi duka la kutumia pesa, lile la jirani na kinyozi.
Kijana wa dirishani ananiuliza, kama kila mwezi,
"Sababu ya kutuma?"

Mume wangu hajawahi kulisikia jina la mpokeaji.

Naandika: familia.
Si uongo.
Wala si yote.