Ghala la Pepe

Kwa wakulima wa mpunga kule Magu, pepe ni ganda tupu:
unapepeta, linaruka, kuku hawalitaki.
Mimi nachora ghala la mashine pepe,
ghorofa ya tatu, Mtaa wa Rufiji, juu ya duka la nyavu,
na pepe zangu zina uzito, msidanganyike:
kila moja ina diski, ina deni,
ina mtu anayelala akiitegemea.

Mchoro wa kwanza nilijivunia.
Jedwali safi, herufi nyembamba, kijani cha bamia changa.
Nkwimba wa zamu ya usiku akautazama,
akasogeza kikombe cha uji pembeni.
"Hii mia mbili iliyoandikwa hapa, ipo?"
Imeahidiwa, nikasema. Imetumika kumi na mbili.
"Na huyu naye mia mbili? Na yule?"
Wote wameahidiwa.
"Na chumba chenyewe kina ngapi?"
Mia nne.
Akacheka cheko la mtu aliyekulia Mwaloni.

Akanisimulia, sikumuuliza, habari za Lugiko mwenye ghala
aliyekodisha pembe moja kwa wanawake watatu.
Mwezi ukiwa mpevu karabai hazishuki ziwani,
dagaa hakuna, ghala linapiga mwangwi,
kila mmoja anachungulia mlangoni na kuona nafasi ni yake.
Kisha giza likaingia. Siku nne za giza.
Magunia yakaja yote asubuhi moja,
yakagusa bati, yakamwagika hadi barabarani,
na mvua ya Kirumba ikayakuta hapo hapo.
"Mchoro wako," akasema,
"unajua mwezi mpevu tu."

Nikaufuta ule mstari wa kijani.
Nikachora miwili mahali pa mmoja:
kilichopo, na kilichoahidiwa.
Wa pili ukimpita mwenzake rangi inageuka,
si nyekundu ya kupiga mayowe,
ni ya chai iliyokolea,
ya kukufanya uangalie tena.

Kikabaki kitufe.
Futa nilikuwa nimeiweka bega kwa bega na Tenganisha,
sumu ya panya na chumvi kwenye rafu moja.
Na chini kabisa, orodha ya diski yatima:
hazina mashine, hazina jina, ni namba tu.
Nilitaka zifutwe zote kwa mpigo, tupate pa kupumulia.
Nkwimba akagonga kioo kwa ukucha.
"Hii, mia nne kumi na saba. Ya nani?"
Sijui.
"Hujui, au haina mwenyewe?"

Tukaifungua saa nane za usiku, feni za seva zikinguruma ukutani.
Miaka sita ya mizani, chama cha waanika dagaa wa Igombe:
sado, debe, tarehe,
vidole gumba vilivyopigwa picha vikiwa bado na magamba.
Holo binti Malongo anadai sado mbili na nusu.
Simjui. Nkwimba hamjui.
Tulikaa kimya tukiisoma ile nusu.

Magunia ya Mwaloni hayana namba.
Yana kamba ya buluu, kitambaa cha kanga ya zamani,
tone la rangi ya mtumbwi kwenye pindo,
na mchukuzi asiyejua kusoma hakosei hata moja.
Basi nikaongeza nafasi ya alama, mtu aandike atakacho,
na kabla ya Futa nikaweka swali:
nani aliigusa mwisho?

Mteja analalamika. Zamani kubofya kulikuwa mara moja,
sasa mara tatu, na wafanyakazi wana haraka.
Sijamjibu. Barua yake iko wazi hapa kando.
Kwenye mia nne kumi na saba Nkwimba ameandika
YA HOLO, USIGUSE,
kwa herufi kubwa zinazotoka nje ya kisanduku changu,
na sijakipanua kisanduku.

Dirishani, ng'ambo ya mapaa ya Kirumba,
taa ni nyingi ziwani usiku wa leo.
Giza limeingia.
Narudi kwenye kioo, nautazama mstari wa pili.