Chumvi Mwisho

Wao walimwanzia mwishoni:
mlango ulioachwa wazi, South B, saa nane usiku,
muziki wa kutisha, tangazo la sabuni,
kisha sauti nzito ya kiume ikihesabu majeraha
kama karani wa ghala.
Vipindi kumi na viwili. Nilisikiliza vyote.
Nilikuwa naosha vyombo; walipofika kwenye kisu
nikaongeza sauti.

Sasa nimevaa sweta yake.
Si yake hasa, ni mtumba wa Gikomba, shilingi mia mbili,
lakini dadake, Mkamburi, aliipapasa akasema,
"Rangi ndiyo hii. Kifungo cha chini alikipoteza."
Tukakikata.

Katika mchezo wetu muuaji hana kiti.
Hana jina, hana hata kikohozi nyuma ya pazia.
Mwongozaji alifuta kurasa tisa
akabakiza Jumanne moja:
Mghoi Mwakio, fundi wa miwani, Luthuli,
anarudi nyumbani na nyanya zilizopondeka,
anadaiwa na muuza mkaa, anamkwepa,
anacheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe
hata kisa kinamfia mdomoni.

Ukumbi wa Kaloleni. Viti vya plastiki, mvua juu ya mabati.
Walikuja pia wale waliomjua kuanzia kipindi cha saba.
Niliwaona wakiinama mbele, wakingoja damu.
Nikawasha jiko. Nikakata kitunguu.
Nikatia chumvi.

"Siyo hivyo."
Mama yake, safu ya pili, leso begani, amesimama.
"Chumvi alikuwa akitia mwisho. Nimemgombeza miaka na miaka,
hasikii. Mwisho kabisa, akishaonja."

Hakuna aliyekohoa.
Jambo hili halikuwa katika faili ya polisi.
Nikamwaga sufuria, nikaanza upya:
kitunguu, zile nyanya, mchicha,
nikaonja kwa ncha ya mwiko,
nikaguna kidogo
(huo mguno sikufundishwa na mtu)
ndipo nikanyosha mkono kwenye chumvi,
na mama akakaa.

Taa zilizimwa mboga ingali inatokota.
Watu hawakujua kama wapige makofi.

Mlangoni kijana mmoja akanivuta kando:
"Sasa yule jamaa, mbona hamkuonyesha alivyomfanya?"
Nilikuwa bado na sufuria mkononi.
Nikampa kijiko.
Onja kwanza, nikamwambia.
Kisha niambie kama imekolea.