Sitini na Nne

Nilistaafu wodi ya wazazi, Temeke,
na pembe ya mbao mfukoni,
ile ya kusikilizia watoto kabla hawajapewa majina.
Nikadhani na masikio yangu yamestaafu.

Kisha Mwenyekiti Chambuso akapiga simu:
"Mama Nyamizi, bado unajua kuhesabu moyo?"
Nikamwambia, sijui kitu kingine.
"Basi vuka daraja uje Gezaulole.
Safari hii mgonjwa ana miguu minne."

Miezi saba ya mihuri.
Veterinari, kwangu iliyokuwa jina la kituo tu,
ikawa dirisha, foleni,
na kijana anayesema rudi Alhamisi.
Kibali cha damu, kibali cha njia,
kibali cha kuombea kibali.
Wageni wanatoka nchi sita, na farasi wao
wakishavuta hewa yetu hawapokelewi tena kwao:
wanaogopa usubi, mdogo kuliko punje ya ulezi.
Ikaamuliwa waje na matandiko tu.
Farasi tutawaazima.

Nguo ya kuazima, wahenga walishasema, haistiri.
Kuhusu farasi walinyamaza.

Saa kumi na moja alfajiri Siwatu Pazi anamtoa Deni,
farasi jike, rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Anaitwa Deni kwa sababu bado analipiwa.
Kibwana amemvisha viatu vipya vya chuma,
misumari kaibana midomoni
kama fundi cherehani na pini zake.
Telki hadi Mbutu, matiti hadi Kimbiji.
Shoti hapana. Shoti ni ya kuonyesha watu.
Kilomita arobaini za mchanga, kisha kwangu.

Naweka kipimio nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele.
Si kama mtoto. Mtoto anabisha hodi.
Huyu anatwanga, kinu kiko nyumba ya tatu.
Na sheria yao nimeipenda kuliko sheria zote:
anayefika wa kwanza hajafika.
Saa inaendelea kumla
mpaka moyo ushuke sitini na nne.
Navuta ngozi ya shingo; ikirudi upesi, maji yamo.
Nabonyeza ufizi, nangoja wekundu urejee.
Kisha anakimbizwa mbele ya Daktari Nyakunga,
ambaye hutazama kwato kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.
Sabini na mbili.
Siwatu anammwagia maji, hasemi neno.
Sitini na tisa.
Sitini na moja.
Mimi ndiye ninayepiga kelele.

Jana usiku ilikuwa kura,
vikaratasi ndani ya kofia ya Kibwana.
Deni akamwangukia mgeni, mwanamke wa nchi ya baridi,
jina lake tulilijaribu mara tatu, tukaliacha.
Siwatu akapata Kanali, mzee,
mzito wa kugeuka kushoto.
Hakulalamika. Aliomba kalamu.

Nyuma ya kadi ya kliniki iliyobaki mkobani mwangu
akaandika, binti wa Chambuso atafsiri asubuhi:

*Anaogopa miavuli.
Maji hanywi mpaka uyaguse wewe kwanza.
Ukipita Kimbiji ataomba kukimbia. Mkatalie.
Ataomba tena.
Ukishuka usimsifu papo hapo,
akisifiwa moyo unapanda.*

Akaikunja, akaichomeka chini ya tandiko la mgeni,
akabaki kusimama na kifuniko cha kalamu mkononi.

Nilimshika mkono kama ninayemuaga,
vidole viwili juu ya mshipa,
nikatazama saa ya kwenye simu.
Mia na nane.

Tukakaa juu ya robota la majani.
Bandani Deni alikuwa anatafuna, hana habari.
Farasi amepewa dakika ishirini za kutulia,
imeandikwa, ukurasa upo, nimeupigia mstari.
Binadamu hakuandikiwa.
Nikaendelea kushika.