Viti vya Chumba cha Kumi na Nne

Wiki ya tatu ya muhula, wamebisha hodi tena.
"Mwalimu, tunaomba viti."
Nimevihesabu kwa macho: arobaini na viwili,
na vyenye watu, sita.
Chukueni.

Ng'ambo ya ukuta Kichina kimefurika hadi barazani.
Nawasikia wakiipandisha "ma", wakiishusha, wakiikunja,
silabi moja ikizaa mama, ikizaa farasi,
na upepo wa Dodoma, usiojua sarufi ya yeyote,
unatia vumbi katika kila toni.

Nilipoanza kazi, foleni ilikuwa ya Kifaransa.
Kila mmoja alikuwa na shangazi
aliyesikia kwamba wakalimani hulipwa kwa dola.
Kisha reli ikaja na Kituruki chake.
Kisha Kikorea, ambacho hakuna aliyekifundisha:
wasichana wa Bloku Tatu walikichota usiku kwenye tamthilia,
asubuhi wakaamkiana kwa kuinama.
Siwalaumu.
Mimi mwenyewe nilifuata harufu ya sufuria.

Nyemo Masaka alikuwa wa saba.
Alileta fomu ya kuhama kozi, imekunjwa mara nne,
akasimama kama aliyetumwa na wafiwa.
"R yenu naipenda, mwalimu.
Ila baba ameshauza ng'ombe wawili,
na aliyebaki ana mimba."
Nikatia sahihi.
Ng'ombe mwenye mimba
si mtu wa kubishana naye.

Jumamosi, barabara ya Iringa, nikasimamisha bodaboda ninunue zabibu.
Nani yule nyuma ya mizani?
Anamtajia bei mhandisi wa barabara, kwa Kichina,
kidole kikichora toni hewani;
anamgeukia mama yake, kwa Kigogo,
kwamba hapa ni Mpunguzi, sawa,
lakini huyu asipunguziwe hata shilingi;
anamfokea mbuzi kwa Kiswahili.

"Mbukwenyi," niliwahi kuwaamkia,
nisije nikamtia aibu.
Akacheka. Akanijibu kwa Kifaransa,
sentensi nzima, bila kujikwaa,
na ile r ikatoka kooni
palepale nilipoiweka.
Kishada kimoja akaniongezea bure.

Kitenzi alikikosea.
Nimekula zabibu njia nzima hadi mjini
nikikinyoosha polepole mdomoni,
nikitema mbegu.