Ulimi wa Buluu

Bawa lilisukwa mwezi wa Julai
bandani mwa shemeji yangu Clarrie, Broken Hill,
na Julai ya huku ni kipupwe, pumzi unaiona.
Nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka,
epoksi ikipakwa kwa brashi ya kupaka mikate siagi
aliyoniibia jikoni, hajanirudishia mpaka leo.
Asubuhi akagonga kwa ukucha: ko, ko.
"Imekauka," akasema. "Ngumu kama kichwa chako."

Mimi si fundi wa ndege.
Nimeoka mikate miaka thelathini na moja,
najua kitu huweza kuonekana kimeiva
na ukikikata katikati kikanata kisuni.

Clarrie alitaka ndege ya buluu,
buluu nzito, ile ya lori la babake
lililobeba madini ya zinki.
Nikamwambia: ngoja Januari.

Januari ikaja na digrii arobaini na nne kivulini,
nzi wenyewe wakatafuta pa kujificha.
Tukachukua vipande viwili vya mabaki, vipana kama rula,
kimoja cheupe, kimoja cha buluu,
tukavibana ukingoni mwa benchi, nje, juani,
kila kimoja na tofali lake likining'inia kwa waya.
Tukaingia ndani kunywa chai.

Saa nane mchana cheupe kimenyooka.
Cha buluu kimeinama kama ulimi wa mbwa,
taratibu, bila mlio, bila ufa,
tofali limeketi mchangani
kama mgeni aliyekwisha fika.
Kipimajoto: themanini na tatu.
Clarrie akavua kofia, hakusema neno.
Nilijua hakioni kipande, analiona bawa,
ndege iliyoshinda juani tangu asubuhi
na mtu anapanda, anafunga mkanda, anawasha injini.

Epoksi, alinieleza usiku, sauti imemrudi,
haivumilii moto unaouzidi mno ule iliofunzwa.
Iliyolelewa na baridi
hulegea siku jua linapoipa somo la kwanza.
Nikawafikiria wanangu. Nikajifikiria mimi.

Basi tukalijengea bawa hema la mablanketi,
hita mbili, feni, vipimajoto vitano kutoka tanurini kwangu.
Digrii tano kwa saa, si zaidi,
maana moyoni mwa bawa kuna povu,
na povu likivuka sabini linasinyaa
kama keki iliyofunguliwa mlango mapema.
Nililala kwenye kiti cha turubai, nikiamka kila saa
kama mwenye mtoto mchanga, au mwenye unga unaoumuka.
Sitini na tano hadi alfajiri.
Kisha tukaliacha lipoe lenyewe.

Ndege ni nyeupe. Inaumiza macho.
Clarrie huinung'unikia kila akiipangusa vumbi jekundu.
Ule ulimi tulijaribu kuunyoosha, haukubali:
ulipopoa uligandia pale pale ulipoinamia.
Tumeupigilia misumari nyuma ya mlango.
Natundika kofia yangu hapo,
na brashi, siku nikirudishiwa.