Sifuri na Kistari

Saa tatu kamili, kabla jua halijaanza ubishi,
nafungua kijilango cha waya, napiga goti,
nachomoa faneli, namimina kilichomo
kwenye bilauri nyembamba yenye mistari.
Leo hakuna cha kumimina.
Naipindua bilauri mara mbili, kwa adabu,
kama mtu atikisaye kibuyu cha jirani
akijua ni kitupu.
Naandika: sifuri.
Ya arobaini na moja mfululizo.

Achia, mfungwa wa kesi ya ng'ombe wanne,
ndiye afyekaye nyasi kuzunguka kipimo.
Aliniuliza juzi, fyekeo begani:
"Afande Nakiru, siku isiyo na kitu
waiandikia nini?
Sisi hatuhesabu ng'ombe tusio nao."
Nikacheka. Usiku sikulala.

Nikafungua kabati la stoo:
madaftari thelathini na sita ya gereza la Namalu,
mengine mchwa wameyasoma kabla yangu.
Humo yumo Koplo Lomuria, mwandiko umelala
kama mtama uliopitiwa na upepo.
Yumo Okidi wa Kitgum, aliyeandika
"mbuzi ameangusha kipimo",
na siku tatu mbele, "mbuzi ameliwa".
Yumo mmoja asiyeacha jina,
kila mvua ilipolowesha bati isitoshe kupimwa
aliandika "tone".
Tone, tone, tone, Machi nzima,
mtu abishaye hodi na hakaribishwi.

Jumlisha, gawanya. Wakubwa wa Entebbe wanataka wastani.
Namtazama huyu Bwana Wastani, kachana nywele,
kanyoosha shati,
hajanyesha hapa hata mwaka mmoja.
Mwaka nilioanza kazi tulimfikia, tukampita kidogo,
ila nusu ya maji ilishuka siku nne za Agosti,
ikabeba daraja, ikabeba udongo na mtama wa Nangiro,
ikamwachia jiwe la kusagia.
Kwenye karatasi, mwaka mwema.
Kwa Nangiro, njaa yenye matope.

Ila kilichoninyima usingizi ni daftari la saba.
Baada ya Mei Lomuria anaacha sifuri,
anaanza vistari.
Kistari, kistari, kurasa kumi na tisa,
kisha hata kistari hakuna.
Mama huuita Mwaka wa Kula Ngozi.
Alichemsha mkanda wa ndama usiku kucha
akawagawia kaka zangu wawili, ambao sikuwakuta.
Mimi nilikuja mvua iliporudi;
jina langu ndilo lililoiandika.

Kwenye hesabu kistari hakina uzito,
hurukwa kama shimo la barabarani.
Mwaka ule mzima umerukwa,
haukumshusha Bwana Wastani hata unywele.
Tangu hapo kila kiangazi twakipima
kwa kamba iliyokatwa fundo lake kubwa,
twashangaa kwa nini haifiki.

Asubuhi nikamjibu Achia:
sifuri ni mtu aliyekuja, akapiga goti,
akatazama ndani, akakuta hamna.
Kistari ni siku ambayo hakuna aliyekuja.
Ukizichanganya, unazika watu mara ya pili.

Akafikiri, akategemea fyekeo.
"Basi hakimu wangu," akasema,
"aliniandikia sifuri bila kupiga goti."
Sikuwa na jibu la kiserikali.

Jioni nikachonga penseli,
nikaandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza wenye kistari:
"Mama asema haikunyesha
tangu mtama ulipotoa jani la tatu
hadi ng'ombe wa mwisho."
Entebbe hawataihesabu. Haina milimita.
Nikaweka tarehe na sahihi.

Kadam umejifunika wingu tangu alasiri,
nao Kadam ni muongo, umeshanikopa mara nyingi.
Usiku kitu kikagonga bati, kimoja.
Nikasubiri cha pili hadi jogoo.
Saa tatu Achia alikuwa langoni kabla yangu,
ameshafyeka, amepiga goti,
uso ndani ya faneli.
"Andika, afande," akasema.
"Tone."